Taarifa za Yaeda Chini Zisafiri na Masharti Yake

Wahadzabe wote wa Tanzania, ukiwajumlisha wa Mbulu, wa kandokando ya Ziwa Eyasi na wa pande za Singida na Meatu, wanakadiriwa kuwa zaidi kidogo ya watu elfu moja. Ni vigumu kutaja jamii nyingine ya Afrika Mashariki yenye idadi ndogo namna hiyo iliyopimwa kwa kina kama wao. Watafiti wamefuata mwendo wao kwa vifaa vya GPS, wamepima usingizi wao, nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku na bakteria wanaoishi matumboni mwao. Miti ya bonde lao la Yaeda imepigiwa hesabu ya kaboni. Sura zao zimo kwenye simu za watalii wa mabara yote.

Kila taarifa kati ya hizo imehifadhiwa mahali fulani, katika faili la muundo fulani, chini ya kanuni zilizoandikwa kwa lugha fulani. Uamuzi juu ya mambo hayo matatu kwa kawaida hufanywa na mwandishi wa programu ambaye hajawahi kufika Yaeda Chini, bondeni humo, tena huufanya kama jambo la kiufundi tu. Nadhani hapo ndipo tatizo linapoanza. Mtandao wa leo umejengewa kinga ya mtu mmoja mmoja, anayesoma masharti peke yake na kubonyeza kitufe cha kukubali. Taarifa za Yaeda Chini ni za jamii nzima na za ardhi yake. Ili zilindwe, masharti ya faragha yanapaswa kuandikwa ndani ya taarifa yenyewe, yaifuate kokote iendako, na yawe katika lugha ambayo watu wa bonde wanaweza kuisoma au kuisikia, wakayabadilisha wanapoona haja.

Bonde linalopimwa

Bonde la Yaeda liko katika mkoa wa Manyara, Tanzania, chini ya nyanda za juu za Mbulu. Wahadzabe, ambao kwa vizazi vingi wameishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuchuma matunda, wanalitumia pamoja na Wadatoga wafugaji, Wairaqw wakulima na wafugaji, na Wanyisanzu. Taarifa kuhusu watu wa bonde hili zimeamua mambo mazito, mazuri na mabaya. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakalisha Wahadzabe Yaeda Chini, ili wahesabike, wasome na walime. Maradhi yaliwakumba, na wengi wakarudi porini. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na familia ya kifalme kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu ilitaka kutumia bonde kama kitalu chake. Malalamiko yalifika mbali, na mwaka huohuo kampuni ikajiondoa.

Mwaka 2011 mambo yaligeuka. Kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe walipata hati miliki ya kimila ya pamoja chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hati hiyo ilihitaji ramani: mipaka ipimwe, matumizi ya kila eneo yaandikwe, majirani wakubaliane. Wakati huohuo kampuni ya Carbon Tanzania ilianza mradi wa kaboni katika vijiji vya Mongo wa Mono na Domanga, kwenye eneo la zaidi ya hekta 20,000, kwa viwango vya taasisi ya Plan Vivo. Msitu usipokatwa, kaboni iliyobaki mitini hupimwa na kuuzwa, na sehemu ya fedha hurudi kijijini kwa ajili ya masomo, matibabu na malipo ya walinzi wa jamii. Walinzi hao hutembea bondeni wakiandika walichoona: nyayo za wanyama, mitego, mashamba mapya yaliyofyekwa, mahali na siku. Mwaka 2019 juhudi hizo zilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sambamba na hayo kuna utafiti. James Woodburn alianza kazi yake kwa Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo milango haijafungwa. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Herman Pontzer na wenzake kuhusu nguvu zinazotumiwa na mwili. Mwaka 2014 zilichapishwa tafiti juu ya bakteria wa tumboni na juu ya mwendo wa watu watafutapo chakula, na mwaka 2015 utafiti wa usingizi. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba bakteria wa matumbo ya Wahadzabe hubadilika kwa misimu. Mwaka 2021 ukaja utafiti uliolinganisha mienendo ya wanawake na wanaume kwa GPS. Siku hizi majarida makubwa ya sayansi hudai data ya msingi iwekwe mahali pa wazi ili wengine waihakiki. Ni desturi njema kwa sayansi. Kwa jamii ya watu elfu moja ina uzito wa aina nyingine.

Kuondoa majina hakutoshi

Jibu la kawaida ukiuliza habari za faragha ni kwamba majina yameondolewa. Mwaka 2000 Latanya Sweeney, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alionyesha udhaifu wa jibu hilo. Kwa hesabu zake, asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: jinsia, tarehe ya kuzaliwa na namba ya posta. Kama nchi ya watu zaidi ya milioni 200 iko hivyo, hali ikoje katika kambi ya watu 20 au 30? "Mwanamke, umri wa miaka 60 hivi, mama wa watoto saba, kambi ya kusini mwa bonde." Jina halipo, lakini kila mtu wa bonde anajua anatajwa nani.

Sweeney na Pierangela Samarati walipendekeza kanuni ya kujificha ndani ya kundi: safu isichapishwe mpaka ilingane na safu nyingine kadhaa. Ukitaka kila Mhadzabe afanane na wenzake kumi kwa umri, jinsia na kambi, itabidi ufute umri au ufute kambi, na utafiti uliohitaji vitu hivyo utakuwa hauna maana. Mwaka 2006 Cynthia Dwork na wenzake walileta njia nyingine, yenye ithibati ya kihisabati: jibu la takwimu liongezewe au lipunguziwe kiasi kidogo cha bahati nasibu, hivi kwamba kuwepo au kutokuwepo kwa mtu mmoja kusionekane. Marekani ilitumia njia hiyo katika sensa ya mwaka 2020. Lakini kiasi kinachoongezwa hakitegemei ukubwa wa kundi. Kwa mji wa watu milioni moja, watu wawili watatu wa ziada hawaharibu kitu. Kwa kambi yenye watoto wanane, watatu wa ziada wanageuza habari kuwa uongo. Ndiyo maana huko Marekani wenyeji wa asili wenye idadi ndogo walikuwa miongoni mwa waliolalamika.

Mahali napo pana shida ileile. Mtandao wa iNaturalist, ambamo watu wa dunia nzima huweka picha za mimea na wanyama, huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini kwa kuonyesha nukta ya bahati nasibu ndani ya mraba wa digrii 0.2 kwa 0.2, yaani kilomita 22 hivi kila upande. Mraba huo una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 480. Eneo la kwanza la mradi wa kaboni wa Yaeda, hekta 20,000 na ushei, ni kilomita za mraba zaidi kidogo ya 200. Kwa ukubwa, eneo hilo lote lingeingia ndani ya mraba mmoja na nafasi ingebaki. Kwa mtazamaji wa dunia hilo ni ficho zuri. Kwa mlinzi wa kijiji anayetaka kuonyesha shamba jipya limefyekwa wapi, taarifa imeuawa. Programu iliyokadiriwa kwa ajili ya dunia nzima haina kipimo kinachofaa hapa, kwa hiyo kipimo lazima kiwekwe na wanaolijua bonde.

Zaidi ya hayo, kuna madhara yasiyomhitaji mtu kutambulika. Mwindaji haramu hahitaji jina la mlinzi, anahitaji mahali pa nyayo. Anayetaka kufyeka shamba hahitaji kumjua mrina asali, inamtosha kujua ni sehemu gani walinzi hawapiti. Mwaka 2018 kampuni ya Strava ilipata aibu baada ya ramani yake ya mazoezi, iliyochorwa kwa njia za watu wasiotajwa majina, kuonyesha kambi za kijeshi zilizofichwa. Kila mkimbiaji alikuwa amefichwa, lakini kwa pamoja walichora siri ya kundi. Njia za Wahadzabe kwenda kwenye maji, mizizi na mizinga zikikusanywa zitafanya vivyo hivyo.

Siri ndani ya muundo wa faili

Waandishi wengi wa programu huona muundo wa data kuwa jambo la mafundi. Lakini uamuzi wa faragha mara nyingi umeshafanyika humo kabla ya mtu yeyote kuulizwa.

Chukua namba za mahali. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Ukiandika desimali mbili, umetaja eneo la kilomita moja hivi. Desimali tatu ni mita 110, na tano ni kama mita moja: umeonyesha mti wenyewe. Simu huandika desimali nyingi bila kuuliza, na faili la GeoJSON au jedwali la CSV hubeba zote. Fundi aliyeamua safu hiyo iwe na tarakimu ngapi ameamua kama mzinga wa nyuki utakuwa siri au hautakuwa. Picha nazo hubeba mambo yasiyoonekana: simu na kamera nyingi huandika ndani ya faili siku, saa na pengine mahali ilipopigwa. Mgeni anayetuma picha ya kambi kama faili zima, bila kufuta maelezo hayo, anatuma na anwani ya kambi.

Tarehe ya kuzaliwa ni mfano mwingine. Wazee wengi wa bonde hawana tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa. Watafiti makini wa idadi ya watu, kama Nicholas Blurton Jones, walikadiria umri kwa kuwapanga watu kwa kulinganisha: fulani alizaliwa kabla ya fulani. Lakini fomu ya kidijitali isiyokubali nafasi tupu hulazimisha tarehe, na anayejaza huweka mosi Januari ya mwaka wowote unaoelekea kuwa kweli. Hapo uongo unazaliwa, na baadaye unatumika kama ukweli kuamua nani anastahili huduma ya wazee. Dawa ipo: kiwango cha kimataifa cha tarehe, ISO 8601, kilipanuliwa mwaka 2019 kuruhusu tarehe ya makisio, kwa mfano 1958~ ikiwa na maana ya "mwaka 1958 hivi". Ni alama moja tu. Fomu chache huitumia.

Kisha kuna lugha. Kihadza kina sauti za kidoko, na wanaisimu wengi wanaona kwamba hakina ndugu miongoni mwa lugha nyingine, hata Kisandawe ambacho nacho kina vidoko. Sauti hizo huandikwa kwa herufi c, q na x katika tahajia rahisi, au kwa alama maalumu ambazo Unicode imezipa nafasi zake. Zamani, kwa kukosa alama hizo kwenye kibodi, waandishi walitumia mistari na alama za mshangao za kawaida. Matokeo yake yanaumiza: jina la kiazi kikuu cha Wahadzabe mara nyingi limeandikwa //ekwa, na katika lugha nyingi za kompyuta mistari hiyo miwili inaiambia mashine ipuuze kila kinachofuata mpaka mwisho wa mstari. Mstari mmoja uliosimama hutumika kutenganisha safu za jedwali, na alama ya mshangao hutumika kukanusha. Chakula cha msingi cha watu kinaweza kufutika katika data bila mtu yeyote kukusudia. Kutumia Unicode ipasavyo, na kutaja lugha kwa alama yake ya kimataifa, hts, ni sehemu ya heshima kwa wenye taarifa.

Sheria ya nchi na pengo lake

Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria inawawajibisha mkusanyaji na mchakataji, inampa mhusika haki ya kujua na kusahihisha, na inazipa taarifa nyeti, zikiwemo za vinasaba na za watoto, ulinzi wa ziada. Utafiti nao una milango yake: kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kwa mambo ya afya, ithibati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Kenya imetupa somo la karibu. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa faragha, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyotaka. Mahakama ilisimamia jambo muhimu: hatari ichunguzwe kabla taarifa hazijakusanywa.

Hizi ni hatua kubwa na zinastahili sifa. Lakini mlengwa wa sheria hizi ni mtu mmoja mmoja. Ramani ya maji ya bonde haina mhusika mmoja. Desturi ya epeme ya Wahadzabe, ambayo nyama yake ni ya wanaume waliokwisha kuingizwa humo tu, haiwezi kutolewa ridhaa na kijana mmoja aliyelipwa kuzungumza mbele ya kamera. Wasani wa Afrika Kusini walilitambua pengo hili mapema. Baada ya uchungu wa utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2010, mwaka 2017 walitoa kanuni zao za maadili kwa watafiti, zenye nguzo za heshima, ukweli, haki na uangalifu, pamoja na utaratibu wa kufuata. Mwaka 2019 wataalamu wenyeji wa mabara mbalimbali walitoa misingi inayojulikana kama CARE, inayosisitiza manufaa ya pamoja na mamlaka ya jamii juu ya taarifa zake. Kilichobaki ni kuyageuza maadili hayo yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukitii.

Majaribio ya mafundi

Hapa ndipo mawazo ya majaribio ya waandishi wa programu yanapohitajika, na yapo ya kutosha kuchambua.

La kwanza ni masharti yanayosomwa na mashine. Mwaka 2002 shirika la viwango vya mtandao, W3C, lilipitisha P3P: kila tovuti iandike sera yake ya faragha kwa XML, na kivinjari kiisome kwa niaba ya mtumiaji na kukataa vidakuzi visivyofaa. Wazo lilikuwa zuri, utekelezaji ukaliua. Kwa kuwa hakuna aliyehakiki, tovuti nyingi ziliweka sera zisizo za kweli ili zipite tu, na mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikuta makosa kwenye maelfu ya tovuti. Mwaka 2018 P3P ilifungwa rasmi. Somo lake ni kwamba sharti lisilo na wa kulisimamia hugeuka pambo.

La pili linatoka katika usanifu wa lugha za kompyuta. Mwaka 1997 Andrew Myers na Barbara Liskov walipendekeza kila taarifa ndani ya programu ibebe lebo inayotaja wenye nayo na, kwa kila mwenye nayo, nani anaruhusiwa kusoma. Miaka miwili baadaye Myers alionyesha lugha iliyojengwa juu ya Java, baadaye ikiitwa Jif, ambayo kompaila yake hukagua njia ambazo taarifa inaweza kupita. Programu ikijaribu kumpelekea asiyeruhusiwa, hata kwa njia ya mzunguko, inakataliwa kabla ya kuendeshwa. Jambo la kupendeza ni kwamba lebo inakubali wenye taarifa wengi kwa pamoja, na mmoja hawezi kulegeza sharti la mwenzake. Kambi, kijiji na mtafiti wanaweza kila mmoja kuweka sharti, na taarifa ikasomwa pale tu wote wanaporidhia. Ni karibu sana na namna bonde lenye makabila manne linavyohitaji kuafikiana.

La tatu ni hifadhi zinazotii desturi. Mwaka 2007 Wawarumungu wa Tennant Creek, Australia, pamoja na Kimberly Christen, walianzisha hifadhi ya picha na simulizi ambamo kila kitu hufunguka kulingana na ukoo, jinsia au nafasi ya msomaji katika jamii. Kazi hiyo ilizaa programu ya Mukurtu inayotumiwa sasa na jamii nyingi. Sheria ya kimila imo ndani ya msimbo, na simulizi za epeme zingeweza kuhifadhiwa kwa namna hiyohiyo bila kuanikwa.

La nne ni vifaa vya watu wasiosoma. Katika miaka ya 1990 Louis Liebenberg, akifanya kazi na wafuatilia nyayo Wasani, alianzisha CyberTracker, iliyoandikwa na Justin Steventon: badala ya maneno, mfuatiliaji anagusa picha za wanyama, nyayo na vitendo. Baadaye Chuo Kikuu cha London, UCL, kilitengeneza Sapelli kwa mtindo huo na kuitumia na watu wa misitu ya Kongo, mpangilio wa picha zake ukiandikwa kwa XML ili uweze kubadilishwa bila kuandika programu upya. Huko Amazon, jamii zilisaidia kubuni Mapeo, ambayo sasa inaitwa CoMapeo: simu hupeana taarifa moja kwa moja zinapokutana, bila seva ya katikati na bila intaneti. Kule Ecuador, Wawaorani walitumia ramani walizojichorea katika kesi waliyoishinda mwaka 2019 dhidi ya mpango wa kuuza maeneo yao kwa utafutaji wa mafuta.

Mtindo huo wa Mapeo una jina miongoni mwa mafundi: taarifa ikae kwanza kwenye kifaa cha mwenyewe, na seva iwe msaidizi tu. Mwaka 2019 Martin Kleppmann na wenzake waliuandikia hoja nzito. Huko Ulaya unahitaji kushawishi watu. Bondeni, ambako mtandao wa simu hukatika kwa masafa marefu, mazingira yenyewe yanaudai, na faragha inapatikana kama faida ya ziada.

Lugha ya masharti

Kinachokosekana ni kuyaunganisha majaribio haya kwa lugha inayoeleweka kijijini. Kiswahili kimewahi kuingia kwenye kompyuta: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na katika miaka ya karibuni imejitokeza Nuru, lugha ya programu ambamo kama, sivyo, wakati na andika ni amri zenyewe. Kubadilisha maneno ya amri ni mwanzo wa heshima. Ninachopendekeza ni kitu kidogo kuliko lugha kamili ya programu na chenye kazi maalumu: lugha ya kutangaza masharti tu, yenye maneno machache, inayokaa kama sehemu ya lazima ya kila faili la taarifa za bonde. Kwa mzinga wa nyuki, ingeweza kusomeka hivi:

kitu: mzinga wa asali
wenye: kambi, kijiji
wasomaji: walinzi wa jamii
mahali: kamili kwa walinzi, kilomita 10 kwa wengine
matumizi: ulinzi wa ardhi
marufuku: utalii, biashara, mafunzo ya mashine
mwisho: msimu mmoja, kisha uliza tena

Huu ni mchoro wa kujadiliwa. Tabia zake nne ndizo muhimu. Kwanza, kisichotajwa kimekatazwa, kinyume cha mtandao wa leo ambamo kisichokatazwa kimeruhusiwa. Pili, kila sharti lina picha yake na sauti yake, kwa Kihadza, Kidatoga, Kiiraqw na Kiswahili, ili asiyesoma aweze kulisikia na kulipinga. Tatu, ridhaa ina mwisho, kwa sababu aliyekubali mwaka huu hajawakubalia wajukuu wake. Nne, programu inayosoma faili lisilo na masharti, au inayojaribu kuyavuka, inakataa kufanya kazi, kwa ukaguzi wa aina ile ya Jif.

Pingamizi na majibu

Fundi yeyote atauliza: mtu akinakili data na kufuta masharti, utamzuia vipi? Hutamzuia. Lakini mfugaji wa Kidatoga huweka chapa kwenye ng'ombe akijua vyema kwamba chapa haifungi zizi. Chapa inafanya kazi pale ng'ombe anapokutwa kwa mwingine, mbele ya mashahidi. Masharti yaliyotiwa saini ya kidijitali yanafanya hivyo: faili lililokutwa bila masharti, wakati nakala ya asili inayo, ni ushahidi mbele ya Tume, mbele ya jarida la kisayansi na mbele ya mnunuzi wa kaboni. P3P ilikosa msimamizi. Hapa wasimamizi wapo tayari, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kufanya utafiti wala kuuza kaboni bila kibali cha mtu fulani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Uwazi umewasaidia Wahadzabe. Ramani ndiyo iliyozaa hati miliki, vipimo ndivyo vinavyoleta fedha za kaboni, na kelele za dunia ndizo zilizoiondoa kampuni ya uwindaji. Jamii ikifunga kila kitu itajinyima silaha. Nakubali kabisa, na ndiyo sababu masharti yanapaswa kuwa na ngazi. Mpaka wa ardhi utangazwe kwa desimali zote, mnunuzi wa kaboni apewe ushahidi wa kutosha kuuhakiki, na mzinga ubaki kwa walinzi. Mamlaka ya kuchagua kipi kifunguliwe ndiyo yanayodaiwa.

La tatu linagusa bonde lenyewe. Nani atasema kwa niaba ya jamii? Wahadzabe hawana desturi ya machifu, na katika serikali za vijiji wanaweza kuzidiwa na majirani walio wengi. Vijana wenye simu wanaweza kuamua kabla ya wazee, na wanaume kabla ya wanawake, ingawa wanawake ndio wanaojua mahali pa mizizi. Hakuna muundo wa faili utakaomaliza mvutano huo. Lebo ya wenye wengi inaweza angalau kuzuia upande mmoja kulegeza sharti la mwingine: taarifa za mizizi zikitajwa kuwa za wanawake wa kambi, halmashauri ya kijiji haitazifungua peke yake. Lakini kutaja huko kunataka mazungumzo marefu, ya ana kwa ana, ambayo hakuna programu itakayoyafanya.

Gharama haitoshi kuwa kisingizio. Sehemu zote zimeshabuniwa na nyingi ni za bure: fomu za picha, simu kupeana taarifa bila seva, tarehe za makisio, Unicode, lebo. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha wana uwezo wa kuziunganisha. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inaweza kutambua taarifa za jamii katika miongozo yake. COSTECH na NIMR zinaweza kudai masharti hayo kama zinavyodai fomu ya ridhaa, na Plan Vivo inaweza kuyaweka katika viwango vyake.

Kazi ya kwanza inaweza kuanza kabla ya mwongozo wowote mpya. Mtafiti, kampuni au fundi ajaye Yaeda Chini aje na kibali chake, na kijiji kimdai pia faili la masharti lililojadiliwa kambini na kusomwa kwa sauti mbele ya wenye taarifa. Asiyekuwa nalo asikusanye kitu. Akiwa nalo, aondoke na taarifa kwa kiwango kilichokubaliwa, na arudi kuomba tena muda ukiisha.